Mrija wa Okia

Kufikia saa nne na nusu asubuhi Amongin alikuwa ameshajaza fomu sita, na katika zote sita hapakuwa na mtu mwenye shida. Jambo hilo lilimkosesha raha. Watu sita waliopasuliwa chini ya bega na kupandikizwa kifaa cha kulinda moyo, watu wanaolala na betri chini ya ngozi, wote wawe watulivu kama maji ya mtungini? Alibadilisha kalamu. Akasogeza kiti dirishani, kisha akakirudisha kilipokuwa.

Shahada yake ya saikolojia ilikuwa na umri wa miezi minane na kazi yake miezi mitatu. Kliniki ya moyo pale Tororo ilifanyika kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na wagonjwa walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka. Chumba cha kwanza alikaa fundi, aliyeweka chombo chake kifuani pa mgonjwa na kusoma betri na kumbukumbu za kifaa. Chumba cha pili alikaa Amongin na maswali yake tisa ya afya ya akili: usingizi, hamu ya chakula, huzuni, hofu, mpaka lile la tisa alilokuwa akilisoma kwa sauti ya chini, kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni heri ungekufa. Yeye ndiye aliyemwomba Sista Ajambo, muuguzi mkuu, chumba kile kifunguliwe. Alimwambia kwamba moyo unaweza kupona na mwenye moyo akabaki nyuma, na kwamba mtu akiulizwa vizuri atajibu. Aliliamini hilo kama wengine wanavyoamini Jumapili.

Wa saba alikuwa Okia, mkulima wa Buteba, mwanamume wa miaka hamsini na moja, mrefu, mwenye viganja vilivyokakamaa kwa mpini wa jembe la ng'ombe. Aliingia akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Amongin alimwamkia kwa Kiteso, akimwita papa, yaani baba, naye akaitikia ejok, ni vyema, akauliza habari za nyumbani kwao, za mvua ya Tororo, za baba yake. Ndipo wakaanza.

"Unalala vizuri, papa?"

"Ejok."

"Unapata hofu? Wasiwasi?"

"Hapana. Ejok tu."

Na huyu mgeni, aliuliza Amongin akionyesha bega lake la kushoto, wanaelewana? Okia alicheka kidogo. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wake ana miezi tisa na jembe hajalishika. Wakacheka pamoja. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba fundi wa chumba cha kwanza amemwita mwongo. Yeye alisema mashine imempiga shoti ya umeme mara nne tangu Septemba. Fundi alitazama kioo chake akasema ni mara moja tu, mzee, mashine haidanganyi.

Amongin aliandika: *Shoti moja, Septemba, akiwa analima.* Hakuandika zile tatu, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pake. Swali la tisa lilipofika Okia alitazama dirisha, akasema hapana, ejok. Kisha, nje ya yale tisa, likaja la pombe.

"Nimeacha," Okia alisema. "Hata mrija nimempa mtu."

"Hongera sana, papa," Amongin alimwambia, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Akaandika pembeni: *Ameacha pombe kabisa, hata mrija amegawa. Vizuri.* Jumla ya alama ikawa mbili, na mbili ni mtu mzima wa afya. Okia alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kazi yake, akamwombea Mungu ampe mume mwema. Ilikuwa shukrani ndefu kupita kiasi. Amongin aliipenda.

Saa sita Sista Ajambo aliingia na kikombe cha chai, akaketi ukingoni mwa meza kupitia fomu kama alivyofanya kila mara. Alikuwa Msamia wa Busia, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye viatu vya raba na macho yasiyopitwa na kitu. Alipofika kwa Okia alisoma, akasoma tena.

"Huu mrija ameuza au amempa mtu?"

"Amempa rafiki yake, nadhani. Kwa nini, Sista?"

Ajambo aliweka chai chini. "Wewe ni Mteso gani?"

Amongin aliona uso ukimwaka. Alizaliwa mjini Tororo, kwa baba aliyeokoka, na chungu cha ajono hakijawahi kuvuka kizingiti chao. Aliwahi kuwaona wanaume kwa mbali, wameketi duara kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija mrefu mdomoni kama watu wanaovua samaki mmoja. Zaidi ya hapo hakujua.

Ajambo alimweleza kwa kifupi, kwa sababu hata kwao Samia mambo ni hayo hayo. Mwanamume anaweza kuacha pombe. Baba yake yeye ameacha kwa sababu ya sukari, ana miaka kumi na moja hajaonja, lakini mrija wake uko darini, kwenye ala yake, na kila Krismasi anaushusha kuufuta vumbi. Mrija ni nafasi ya mtu kwenye duara. Asipokuwepo, wenzake huacha pengo pale alipokuwa akikaa, maana mrija wake upo nyumbani, na mwenye mrija atarudi. Anayeacha pombe anaacha pombe.

"Anayegawa mrija anaaga," Ajambo alisema. "Na wewe umempa hongera."

Amongin alisimama, akaketi, akasimama tena. Zile shoti nne zilimrudia. Alikuwa amesoma chuoni, kwenye kitabu kizima, kuhusu watu wanaopigwa na shoti ambazo mashine haikuzitoa, wanaoruka kitandani wakishika kifua. Alikuwa amepigia mstari sura nzima kwa kalamu nyekundu. Kisha mtu mwenyewe akaja, akaketi mbele yake, akasema, naye akakosa mahali pa kuandika.

Okia hakuwa na simu. Fomu ilikuwa na namba ya mkewe, Asekenye, muuza dagaa katika soko la Busia. Iliita mpaka ikakata, mara tano. Kuhusu nyumba, fomu ilisema Buteba, nyuma ya kanisa, na Buteba makanisa ni mengi. Ajambo hakuweza kutoka, maana ukumbini walikuwa wamesalia wagonjwa kumi na wawili. Alimwambia Amongin amtafute mke kwanza.

"Nenda. Fomu ziache hapa. Nenda na simu yenye chaji, na ukimwona muulize lile la tisa kwa mdomo wako. Ukimtajia mtu kifo humpi wazo; unampa nafasi ya kulitua."

Pikipiki ilimtoa Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji ukiwa mgongoni mwake, na kila alipogeuka mwamba ulikuwa pale pale, kana kwamba hawaendi. Walipita foleni ya malori yaliyolala kuelekea mpakani, madereva wakipika chai chini ya matela. Kila upande wa barabara watu walikuwa wakilima. Mvua za kwanza za Machi zilikuwa zimelainisha ardhi, na ng'ombe wawili wawili walikwenda na kurudi, na ndege weupe wakifuata mifereji. Amongin alimhimiza mwendesha pikipiki mpaka yule akamuuliza kama ana mgonjwa au ana mchumba. Alikuwa akihesabu: Okia alitoka kliniki saa tano kasoro. Kama alipata usafiri wa haraka, yuko nyumbani sasa.

Sokoni Busia alimpata Asekenye nyuma ya lundo la dagaa, akibishana na mteja wa upande wa Kenya juu ya ujazo wa kopo. Simu yake ilikuwa ndani ya kapu, chini ya kanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, na alipojua binti huyu ni wa kliniki alitabasamu kwanza. Habari zilikuwa njema, alisema. Kwa miezi mingi mume wake alikuwa halali kitandani; alikaa kwenye kiti mpaka kuche, mkono begani, akisema analinda. Alikuwa haendi kanisani kwa kuogopa ngoma zisije zikaamsha mashine. Hakugusa jembe tangu siku ile ya Septemba alipoangushwa mferejini na ng'ombe wakakimbia na jembe mpaka kwa jirani. Lakini tangu Jumapili amebadilika. Analala. Anasalimia watu. Juzi alimshika mkono wakazunguka shamba lote, akamwonyesha mikonge ya mpaka mmoja mmoja, akamweleza ni ng'ombe yupi hufungwa kulia na hutaka kufunguliwa kwanza.

"Nimesema maombi yamejibiwa," alisema Asekenye, na hapo akaacha kutabasamu, kwa sababu alikuwa akiutazama uso wa Amongin.

Alifungua aproni, akamwambia jirani wa meza ya pili amwangalizie dagaa, akawa tayari yuko mbele. Walipanda wote wawili pikipiki moja, Asekenye katikati, akimwelekeza mwendeshaji njia za mkato kwa kumpiga bega. Walipofika Buteba, wakipita kwa Edeku, rafiki wa Okia tangu ujana, Asekenye alimpigia kelele bila kusimama: amemwona Okia? Edeku, aliyekuwa akisuka kamba mlangoni, aliinuka na kamba yake mikononi. Hawakungoja jibu.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Shati la kliniki lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti. Zizi lilikuwa wazi, na mahali pa jembe palikuwa na alama tu ya vumbi.

Walimkuta mwisho wa shamba la chini. Alikuwa hai. Okia alikuwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, ng'ombe wamefungwa nira, hakuna wa kuwaongoza mbele. Nyuma yake palikuwa na mifereji mitatu. Amongin hakujua kilimo, lakini hata yeye aliona kwamba imepinda.

"Binti wa karatasi," Okia alisema, bila kuachia mpini. Jasho lilimtiririka na pumzi ilikuwa juu. "Umesahau swali?"

"Sikusahau, papa. Niliuliza vibaya."

Asekenye alitaka kumkimbilia. Amongin alimgusa mkono kidogo, naye akasimama, ingawa mwili wake wote ulikuwa ukienda. Amongin alisogea mpaka kwenye mfereji wa tatu, akachuchumaa kwenye udongo mbichi na sketi yake ya kazi, ili yeye awe chini na Okia awe juu. Chuoni walimfundisha maneno mengi ya kuzunguka. Hakuna hata moja lililokuja.

"Papa Okia. Unataka kufa?"

Ng'ombe wa kulia alitikisa sikio. Okia alimtazama ng'ombe, akautazama mkonge wa mpakani, hatua mia hivi mbele.

"Kufa sitaki," alisema. "Nataka kuacha kungoja."

Halafu yakatoka, kwa vipande, akiwa bado ameshika mpini. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kiko chini ya ngozi, atakivua wapi? Kila siku anangoja kimpige. Akiinua kapu anangoja, akicheka anangoja, akimgusa mke wake anangoja. Usiku kimempiga mara tatu, amesikia radi ndani ya mifupa, na leo kijana wa jana anamwambia hakikupiga. Basi kama mashine haidanganyi, mwongo ni nani? Ni wiki mbili hajameza dawa zao. Alijiahidi kwamba baada ya kliniki ya leo, asiseme mtu alikwepa, atafunga ng'ombe na kulima mpaka kwenye mkonge ule. Akifika, moyo ni wake. Asipofika, basi kimmalizie hapa, mikono ikiwa juu ya jembe, si kwenye kiti kama mlinzi wa duka.

"Lakini ona," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilivunjika. "Ona mistari yangu. Kama nyoka mlevi."

Kwa mtu ambaye Buteba nzima ilimwita aje kuchora mfereji wa kwanza, hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko yale mengine yote. Asekenye alijua. Hakulia. Alipita upande wa ng'ombe na kuanza kufungua nira, yule wa kulia kwanza, kama alivyoelekezwa juzi.

"Papa," alisema Amongin, "ulipigwa mara nne."

"Fundi alisema..."

"Fundi anasoma mashine. Mashine ilipiga mara moja, siku ile moyo wako ulipotaka kusimama, ikaurudisha. Zile tatu zilipigwa na hofu, na mwili ukazisikia vilevile. Nimesoma habari za watu wengi kama wewe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anadanganya. Wewe uliniambia leo, na mimi sikuandika."

"Hiyo hofu iko na dawa?"

Alitaka kusema ndiyo kwa sauti kubwa. Alitaka kumpa dunia nzima pale pale mferejini. "Iko na matibabu," alisema. "Si ya siku moja. Kuna maongezi, kuna mazoezi ya kurudi kwenye jembe kidogo kidogo mtu wa kliniki akiwa karibu, pengine na vidonge. Wengi hulala tena. Sitakudanganya kwamba ni wote."

Okia aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha kidole kimoja baada ya kingine akauachia mpini. Jembe liliegemea upande. Akaketi kwenye mfereji, karibu na Amongin.

Amongin alimpigia Sista Ajambo, akaweka simu katikati yao. Ajambo alimuuliza Okia mambo yake moja kwa moja: kifua kinauma? Kizunguzungu? Kwenye mkono au mguu amehisi nini? Alisema ameze dawa za leo tu, asijaribu kulipa za wiki mbili kwa siku moja. Ikija kizunguzungu aletwe saa hiyo hiyo, la sivyo kesho saa tatu yeye mwenyewe atamfungulia mlango, Ijumaa au si Ijumaa, na daktari atakuwepo. Na asiachwe peke yake, hata kwenda chooni.

"Sista, mimi si mtoto," Okia alisema.

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa," Ajambo alijibu. "Kesho saa tatu."

Ni hapo Edeku alipotokea, akihema, suruali imejaa mbegu za nyasi. Alikuwa mtu mfupi mwenye tumbo, na mkononi alishika ala ndefu ya mwanzi. Aliwatazama ng'ombe waliofunguliwa, akaitazama mifereji mitatu, akaelewa, na kwa sababu hakuwa na maneno ya jambo kama hilo alianza kugomba. Siku nne, alisema, siku nne mrija huu uko kwake, na hajakunywa nao hata funda moja. Mke wake anauliza ni wa nani, anasema wake, mke anacheka, maana ni mrefu mno. Akinyonya nao ataonekana kama korongo. Alipopewa alidhani rafiki yake ameokoka. Alifurahi, mjinga yeye, akafikiri ajono yake itaongezeka.

"Chukua," alisema.

"Kitu nilichotoa sirudishi," Okia alijibu.

"Basi mimi sikai nacho."

Wakatazamana. Hakuna aliyeshindwa. Mwishowe Edeku alikaa upande wa pili wa Okia, ala ya mrija imelala juu ya magoti yake, akatangaza kwamba atalala hapa leo, na kesho, na mpaka mtu fulani apate akili, na kwamba anakoroma, shauri yao.

Kesho yake kliniki ilikuwa tupu, sakafu bado ina maji ya deki. Askari wa getini alimzuia Edeku kwa sababu ya ile ala, akitaka kujua ni silaha gani. Edeku alimweleza kwamba ni kinywa cha mtu, na askari, ambaye alikuwa Mjapadhola wa Mukuju na alijua mrija anapouona, aliuliza kwa nini basi kinywa cha mtu kinazurura. Sauti zao zilisikika mpaka chumba cha pili. Asekenye alibaki ukumbini na kopo la dagaa alilomletea Sista.

Amongin hakuwa amelala. Alikuwa amefika saa moja, amepanga viti mara tatu, mwisho akaviweka pembeni vikitazama dirisha lenye mwamba, bila meza katikati. Fomu ya jana ilikuwa kwenye paja lake. Neno *Vizuri* alikuwa amelikata kwa mstari mmoja, ili liendelee kusomeka. Pembeni, kwa penseli, alikuwa amechora kisanduku kisichokuwepo, cha mambo ambayo mashine haikuyaona.

Okia aliingia akifunga vifungo vya shati. Daktari alikuwa amemaliza naye. Angemwona tena baada ya wiki. Aliketi.

"Tuanze tena, papa," alisema Amongin. "La kwanza. Unalala vizuri?"

Okia alifungua mdomo, na Amongin akaliona lile ejok likija, limevaa vizuri, liko tayari kutoka. Halikutoka. Alimgeukia.

"Unataka jibu la salamu," aliuliza, "au unataka lenyewe?"

"Lenyewe."

"Ni refu."

"Nina siku nzima."

Nje, Edeku na askari walikuwa wameanza kucheka jambo fulani. Okia alisikiliza kidogo, akavuta kiti chake karibu, akaweka mkono begani juu ya kile kivimbe kidogo chini ya shati, na akaanza na Septemba.